Anayekoroga Hasalimiwi

Ni mimi niliyewaambia wanawake kumi na wanne wakavue nguo zao nzuri. Sentensi ile sikuitunga mimi, niliitafsiri tu, lakini nimechoka kujificha nyuma ya hiyo "tu". Ilitoka kinywani mwangu kwa Kirundi safi, na nilichagua maneno kwa uangalifu ili isikike kwa adabu. Hilo ndilo linalonichoma hadi leo: kwamba niliipamba.

Nilizaliwa Jabe, mtaa wa soko na biashara ndogondogo hapa Bujumbura, nyuma ya gereji ya baba yangu. Shule niliiacha mapema, kwa sababu zile zile za wengi. Kifaransa nilijifunza kwa redio na kwa kusoma maandishi ya nyuma ya makopo ya maziwa na maboksi ya dawa. Kuchora lebo nilijifunza kwa simu. Nikiharibu, narudia. Nikipatia, narudia pia, kwa sababu siamini. Mtu aliyejifunza peke yake hana mwalimu wa kumwambia basi, inatosha, kwa hiyo mimi sijui kamwe kitu kimekwisha lini. Lebo yangu ya kwanza ya sabuni niliichora mara arobaini na moja. Nimezihifadhi zote, na bado huzifungua nikitafuta kosa.

Sabuni yenyewe ilikuwa ya wanawake hao. Wanakaa kwenye kilima kimoja upande wa kusini, juu ya barabara ya kwenda Rumonge, ambako michikichi imeota hadi milangoni mwa nyumba. Kwa miaka mingi waliuza mawese kwa walanguzi waliopanda na madumu matupu na bei waliyokwisha kuipanga huko chini. Mlanguzi akisema mafuta ya juma hili ni mabaya, basi ni mabaya. Asipokuja, mafuta yanakaa, na mwenye mafuta analala na njaa karibu na dumu lililojaa. Ndipo wakaungana na kuanza kupika sabuni wenyewe. Mmoja wao, mama mwembamba asiyependa maneno mengi, alikuwa amejifunza kambini Tanzania enzi za ukimbizi. Tangu waanze, yupo aliyemrudisha binti yake shuleni, na yupo aliyetoa majani juu ya nyumba na kuweka mabati. Hakuna aliyetajirika. Lakini hakuna tena aliyekaa kizingitini akimsubiri mlanguzi kama anasubiri hukumu.

Nilikutana nao sokoni Jabe, wakiuza vipande vilivyofungwa kwa majani ya mgomba. Niliona vizuri kuliko nilivyopaswa kwamba havikulingana ukubwa, na nikaomba niwachoree lebo. Hivyo ndivyo nilivyoingia kwenye ushirika wao, kwa kutoa kasoro.

Mkabala na gereji ya baba kuna duka la mzee ambaye babu zake walitoka Omani. Mtaa mzima humwita Hadji. Nilimpelekea kipande kimoja chenye lebo yangu. Alikinusa, akakigeuza, akagonga kaunta nacho.

"Lebo ni ya nani?"

"Ni yangu, Hadji."

"Inaonekana. Hata mutu akikosa sabuni, atasoma." Kisha akanionyesha rafu ya katikati, ile inayokutana na macho ya mtu anapoingia. "Leteni ya kujaza hii yote mbele ya Ramadhani. Mukileta, rafu ni yenu, na kila mwezi mutaijaza. Mukikosa, namupa mutu wa fabrika. Na usinililie hapa, nakuambia mapema."

Sabuni ya kiwandani, inayotoka Zone Industrielle, ilikuwa tayari imejaa pande zote mbili za rafu hiyo. Wanawake waliposikia, hawakushangilia. Walikaa, kila mmoja akasema lake kwa zamu kama ilivyo desturi yao, na ilichukua asubuhi nzima. Mwishowe waliamua kutomuuzia mlanguzi hata kikombe kimoja. Mafuta yote ya msimu yangeingia kwenye pipa moja, siku moja, yapikwe pamoja ili rangi na harufu zilingane. Aliyekuwa na shaka alisema shaka yake, akasikilizwa, kisha akaleta dumu lake kama wengine.

Hapa lazima nieleze kazi ile inavyokwenda. Soda kali, ile inayochoma ngozi, huyeyushwa kwenye maji, ikachemka yenyewe bila moto, ikaachwa ipoe. Kisha humiminwa kwenye mawese ya vuguvugu kwa uzi mwembamba kama wa kushonea, huku mtu mmoja akikoroga. Mtu mmoja tu, mkono ule ule, upande ule ule, hadi sabuni ikamate, yaani hadi ufito uache alama juu ya uso wake na alama ile isifutike. Mkorogaji alikuwa yule mama mwembamba. Na kuna sheria moja pale kilimani ambayo hata mtoto anaijua: anayekoroga hasalimiwi. Ukipita unawasalimu wengine, yeye unamruka. Kwao ni utovu wa adabu kumsalimu, kwa sababu Mrundi akisalimiwa lazima aitikie, na akiitikia kwa heshima lazima atoe mkono, na mkono wenyewe una kazi.

Siku mbili kabla ya mapishi, simu ililia. Alikuwa ofisa wa shirika moja lenye ofisi mtaa wa Mutanga Nord, ambaye aliwahi kufika mara moja, akapiga picha lebo yangu na kuisifu. Alisema wageni kutoka Ulaya wangekuja siku ile ile ya mapishi. Alitaja mashine ya kukamulia mawese. Aliitaja mara tatu, kila mara kama kitu ambacho kiko karibu tu, nyuma ya mlango.

"Siku nyingine haiwezekani?" aliuliza mwenyekiti wa ushirika nilipompelekea habari. Ni mama mpana, mcheshi, ambaye huuliza swali kisha akanyamaza kabisa hadi ajibiwe.

"Wana ndege ya kurudi," nikasema.

"Na wewe unaonaje, mwana wetu? Wewe ndiye unayewajua watu wa maofisi."

Siwajui watu wa maofisi. Mimi ni mtoto wa gereji. Lakini nilisema waje. Nilijiambia ni kwa ajili ya mashine. Uongo. Nilitaka watu wenye vitambulisho shingoni waione kazi yangu, wainue kile kipande na kusema Kifaransa changu cha kwenye lebo hakina kosa. Kwa hilo niliiweka sokoni siku ambayo haikuwa yangu.

Walikuja na magari mawili meupe, matangi yamejaa, katika juma ambalo mji mzima ulikuwa umepanga foleni ya petroli na mimi nilikuwa nimepanda kilima kwa miguu tangu barabarani. Wanawake walikuwa wamesimama mstari mmoja, wote wamevaa imvutano, vile vitambaa vyepesi vinavyofungwa begani, ambavyo kwetu ni nguo za harusi na za kumpokea mtu wa heshima. Wengine walikuwa wameazima kwa majirani. Mkorogaji alivaa ya kijani. Nilikuwa sijawahi kuwaona wote wakiwa wazuri kwa wakati mmoja, na niliona fahari kana kwamba ni mimi niliyewavika.

Ofisa alishuka kwanza. Aliwasalimu kwa Kirundi, tena Kirundi cha vilimani, chenye utani ndani yake. "Mwaramutse, bamama! Mmependeza hivi, ng'ombe wangapi wametolewa?" Wakacheka. Kisha akanivuta pembeni na kugeukia Kifaransa, sauti chini.

"Mademoiselle, waambie wabadilishe. Wavae nguo zao za kawaida, za shamba. Hivi walivyo, picha haitaeleza kitu."

"Haitaeleza nini?"

"Hali halisi. Wageni wamekuja kuona hali halisi. Unaelewa."

Nilielewa. Hapo ndipo ningeweza kusema hapana, neno fupi ambalo Jabe hata mtoto wa miaka miwili analijua: apana. Badala yake niliwaza jinsi ya kulisema jambo lile vizuri. Niliwaendea, nikawaambia kwamba soda inaweza kurukia vitambaa vizuri kama vile, kwamba wageni wangependa kuwaona wakiwa kazini, kwamba itakuwa salama zaidi. Niliongeza sababu ambazo yeye hakuzitoa. Niliitengeneza sentensi yake ikawa nzuri kuliko ilivyokuwa.

Mwenyekiti alinitazama. "Tulikuwa tubadilishe wenyewe baada ya salamu," alisema. "Hatuna wazimu wa kupika sabuni na imvutano." Wakaenda, mmoja mmoja, wakarudi na mashati yaliyochanika mabegani. Kamera ikaanza kulia hapo.

Mapishi yakaanza. Mwenyekiti alimimina soda kwa uzi wake mwembamba, mkorogaji akainamia pipa. Mgeni mmoja, mama wa makamo mwenye uso wa huruma, alimwendea mkorogaji moja kwa moja, akatabasamu, akanyoosha mkono. "Bonjour, maman." Nilikuwa mita mbili tu kutoka pale, na nilikuwa nikiwaza kama mtu aliyesoma angemkatiza mgeni.

Mkorogaji aliinua uso. Akaachia ufito. Alipangusa mkono kwenye sketi, akautoa, na kwa mkono wa kushoto akashika kiwiko cha kulia, kama unavyompa mkono mtu unayemheshimu. Mgeni akafurahi, akaushika ule ufito, akaanza kukoroga kwa upande wake alioupenda, huku akicheka na kamera. Ofisa akaniambia kwa Kifaransa, "Mwambie yule amwage zaidi, huo uzi hauonekani kwenye picha." Nikamwambia. Hilo nalo nilimwambia. Mwenyekiti akasita, akanitazama tena, akamwaga.

Walipoondoka, ndani ya pipa kulikuwa na mafuta mekundu juu, maji makali ya soda chini, na katikati madonge kama maziwa yaliyoganda vibaya. Mafuta ya msimu mzima, ya nyumba kumi na nne. Mkorogaji alikoroga tena hadi mabega yakatetemeka. Haikukamata.

Nilingoja wanilaumu. Ningependa wangenilaumu. Lakini mkorogaji aliweka ufito chini, akasema maneno yake ya kwanza tangu asubuhi.

"Ni kosa langu. Alinisalimu, nikamwitikia."

Sijawahi kusikia kitu kilichonikasirisha namna ile. Mtu anakuja kwako bila kuuliza jinsi kazi yako inavyofanywa, anaishika mikononi kama mwanasesere, anaiharibu, anapanda gari lake, na wewe unayebaki na hasara unajilaumu kwa kuwa na adabu. Nilitaka kupiga kelele. Nilitaka kuwakimbilia barabarani. Nilichofanya ni kulia, na wakaanza kunibembeleza mimi, jambo lililokuwa aibu juu ya aibu.

Waliiokoa sabuni ile kwa njia ambayo mkorogaji aliikumbuka kutoka kambini. Walirudisha kila kitu kwenye masufuria juu ya moto, na maji kidogo, wakapika kwa siku tatu kwa mafungu, wakikoroga kwa zamu hadi mafuta na soda vikakubali kukaa pamoja. Kuni ziliisha, wakachukua za jikoni kwao. Kila fungu lilijaribiwa kwa ncha ya ulimi: likichoma, linarudi motoni. Mwishowe halikuchoma hata moja. Lakini sabuni iliyotoka ilikuwa mbaya kwa sura. Ilikuwa na mabaka, imejaa vinundu, rangi hailingani, na haikukatika sawa hata kidogo.

Nikasema tusiipeleke. Nakiri hilo pia. Nilisema ni afadhali kupoteza rafu kuliko kuweka kitu kama kile chini ya lebo yangu. Neno "yangu" lilipotoka, mwenyekiti alitikisa kichwa.

"Lebo utabaki nayo, mwana wetu. Sisi tutabaki na nini?"

Tuliipeleka siku tatu kabla ya mwezi kuandama. Hadji alifungua boksi la kwanza, akatoa kipande, akakiinua kwenye mwanga.

"We binti. Hii nani aliitafuna?"

"Apana Hadji, hakuna mutu aliitafuna. Ilipikwa mara mbili."

"Mara mbili! Na bado inalia." Akatoka hadi mlangoni na kuita ng'ambo ya barabara. "Fundi! Kuja na hiyo mikono yako michafu!"

Fundi ni baba yangu. Alikuja mikono ikiwa myeusi hadi viwiko kwa grisi, akamwagiwa maji nje ya duka, akachukua kile kipande kibaya. Baba hajawahi kusifu kitu nilichofanya. Huwa anakitazama tu kisha anarudi kazini. Alisugua kimya. Povu likawa la kijivu, kisha jeusi. Akasuuza, akaitazama mikono yake pande zote mbili.

"Inatoa," alisema. "Ile ya fabrika inanitelezea tu." Akaweka kipande kile mfukoni, akavuka barabara.

"Lipa, fundi!" Hadji alipiga kelele. "Mwizi wa mchana!" Kisha akanigeukia. "Sura hii siwezi kuiweka katikati, itafukuza watu. Itakaa chini, karibu na chumvi. Ikiisha mbele ya Idi, muniletee ingine, na hiyo ikuwe na sura ya sabuni. Hapo tutaongea tena juu ya rafu."

Ikaisha. Mafundi wa Jabe waliimaliza, na mama zao waliochoka kufua nguo za grisi.

Kabla ya Idi niliona kijarida cha lile shirika. Mtu alikuwa amekiacha kwenye cyber ninakochapia lebo. Picha ilijaza ukurasa: mgeni anakoroga, na nyuma yake wanawake wamepanga mstari na mashati yaliyochanika, wanatazama kama watu waliofiwa. Chini yake iliandikwa kwamba wanawake wa vijijini wanapata ujuzi wao wa kwanza. Wa kwanza! Mkorogaji alikuwa akipika sabuni kabla mimi sijazaliwa. Na ile sura ya kufiwa ilikuwa ya kweli. Kwenye picha hiyo walikuwa wakiona mafuta yao yanaharibika. Mtu alitazama hofu hiyo akaona umaskini, akaridhika.

Nikaipeleka kilimani. Mwenyekiti aliitazama sana. "Kumbe mimi ni mzee hivi," alisema, na wote wakacheka isipokuwa mimi.

Ofisa alipiga simu tena baada ya Idi. Wageni wengine, na mashine ile ile nyuma ya mlango ule ule. Siku aliyoitaja ilikuwa siku ya kupika kwa ajili ya Hadji, na mafuta yalikuwa yamekusanywa tena, nyumba kwa nyumba. Wanawake walikaa, kila mmoja akasema lake. Uamuzi ulikuwa mfupi: waje, kwa sababu mgeni hafukuzwi. Ufito haushikwi. Na nguo hakuna anayempangia mtu.

Nilimwandikia ofisa ujumbe wa Kifaransa kuhusu ufito. Niliuandika upya mara tisa. Hakujibu.

Walipofika, wanawake walikuwa kwenye mstari ule ule na imvutano zile zile. Pipa lilikuwa limeanza, soda imekwisha kumiminwa. Mkorogaji alikuwa ameinama, na nguo yake ya kazi, na hakuinua uso. Ofisa akasalimu kwa Kirundi chake kitamu, akatania, wakacheka. Kisha akanivuta pembeni, akashusha sauti, akaanza kwa Kifaransa. "Mademoiselle, kama mara ile, waambie..."

Ilikuwa kama taa imewashwa. Mtu huyu alikuwa amezaliwa kwenye kilima kama hiki. Hakuwa na haja ya mkalimani hata siku moja. Sentensi ile alikuwa anaijua kwa Kirundi kuliko mimi, na kwa sababu aliijua, hakutaka itoke kinywani mwake. Ningeweza kumsamehe mgeni asiyejua. Huyu alijua kila kitu, hadi mahali pa kunikamatia mimi.

Nilijibu kwa Kirundi, kwa sauti ya kusikika hadi kwenye pipa. Sikutayarisha. Ilitoka vibaya, sauti ilikatika katikati.

"Waambie mwenyewe. Kirundi unakijua."

Mwenyekiti akatazama kwa udadisi. "Atuambie nini?"

Ofisa alifungua mdomo. Alimtazama mama aliyekuwa mbele yake, aliyevaa kama mama yake mwenyewe angevaa siku ya harusi yake, na sentensi ikamkwama. "Kwamba... karibuni tuendelee," alisema.

"Ee, kumbe anaongea!" mmoja alipaza sauti kutoka nyuma ya mstari. "Mi nilidhani ulimi ameuacha Mutanga!"

Mgeni mmoja alimsogelea mkorogaji akiwa ameshanyoosha mkono. Nikasimama katikati. Kifaransa changu kilikuwa na kosa la jinsia ya neno, nililisikia likipita, sikulirekebisha. Nilimwambia kwamba anayekoroga hasalimiwi. Alirudisha mkono, akawa mwekundu, akasema samahani, akasimama palepale akitazama, na hakuna aliyekufa.

Lakini sabuni huchelewa kukamata inapokorogwa inavyotakiwa. Jua likapanda. Walipiga picha chache, wakatazama saa, wakamshukuru kila mtu, wakarudi kwenye magari. Ofisa hakuniaga. Mashine hatujaiona hadi leo, na sidhani kama ilikuwa nyuma ya mlango wowote.

Vumbi lao lilikuwa bado halijatua tulipoona mkono wa mkorogaji umepunguza mwendo. Aliinua ufito, akauburuta mara moja juu ya uso wa sabuni, akangoja. Alama ilibaki. Akaunyoosha mgongo polepole, akajifuta jasho, akageuka kule magari yalikokuwa yamesimama.

"Mwaramutse," alisalimu kwa heshima zote.